Kochi Lililongoja Programu ya Bure

Kumbukumbu za kikao cha walimu cha Jumatatu, tarehe 3 Agosti 2009, zinaonyesha kwamba siku hiyo Orvokki Lintumäki, mwalimu wa ufundi wa makochi, alikabidhiwa darasa la mtandaoni la chuo "kwa muda". Hazionyeshi kwamba alikubali. Katika kikao kizima hakufungua mdomo ila kwa ajili ya andazi la iliki.

Waliokuwepo wanaikumbuka asubuhi ile. Mkuu wa chuo, Risto Honkavaara, alikuwa ametoka likizoni, pua imebabuka kwa jua na kichwani ana wazo jipya. Chuo, alisema, hakitailipa tena kampuni yoyote kwa ajili ya masomo ya mtandaoni. Ipo programu huria, wameitengeneza watu wa dunia nzima kwa kujitolea; unaichukua, unaitumia, unaibadilisha upendavyo, na haidai hata senti.

"Ni msaragambo," alisema, na vichwa vyote vikaitikia. Katika mji ule mdogo wa ziwani, mashariki mwa Ufini, hakuna anayethubutu kuupinga msaragambo. Watu wamejengeana maghala kwa njia hiyo, wamechimbiana viazi, wamepaka rangi kanisa. Anakuja mwenye mikono, halipwi mtu, mwenye shughuli anapika supu, kisha kila mmoja anarudi kwake.

"Sasa, nani ataitazama?" aliuliza Honkavaara.

Kikaja kimya. Kimya cha kule si cha aibu wala cha hasira. Ni kama mawingu, yapo tu. Walimu wakazama kwenye vikombe vyao vya kahawa. Orvokki, ambaye hakuwa amekula chochote tangu alipoamka, aliinua kichwa kuangalia maandazi yamefika wapi.

"Vizuri sana, Orvokki," alisema Honkavaara.

Wiki hiyohiyo Orvokki alikuwa amelivua kochi la chumba cha walimu. Ngozi kuukuu alishaichana, sponji iliyooza alishaitupa, na kilichobaki karakanani kilikuwa mbao na springi zilizochomoza kama nywele za mtu aliyeamshwa vibaya. Aliwaambia wenzake kwamba programu ikishatulia atalimalizia. Kwa muda huo wakapewa viti vya plastiki. Wakavikalia miaka kumi na mitano.

Programu iliitwa Pihlaja, jina la mti wenye matunda mekundu uliopo langoni mwa chuo. Ilikuja bure kweli. Hilo lazima lisemwe mapema, kwa sababu katika habari hii hakuna aliyedanganya. Ilihitaji tu kompyuta ya kukaa, na kompyuta ikahitaji chumba, na chumba kilichopatikana kilikuwa stoo ya wafagizi. Kompyuta ilitoa joto jingi kiasi kwamba madekio yalikauka upesi, na kwa miaka kadhaa wafagizi ndio watu pekee chuoni walioisifu Pihlaja bila masharti.

Kisha yakaja mengine. Kila baada ya miezi michache watengenezaji wake walitoa toleo jipya, na kila toleo jipya lilivunja kitu kilichokuwa kikifanya kazi. Walimu wa uchomeleaji walitaka sehemu ya kuweka video. Walimu wa uuguzi walitaka sehemu ya saini. Kipande cha kujumlisha alama kilikuwa kimetengenezwa na kijana mmoja wa Ureno ambaye hakuna aliyemfahamu; kijana akaoa, akaacha mambo ya kompyuta, na chuo kizima cha Ufini kikakaa bila alama mwezi mzima kwa sababu ya harusi ya Ureno. Orvokki, aliyekuwa amesomea springi na magunia, alijifunza kukitengeneza mwenyewe. Alijifunza vibaya kwanza, kisha vizuri, kisha kwa namna ambayo yeye peke yake ndiye angeielewa.

Julai, nchi nzima inapohamia kwenye vibanda vya ziwani na hata serikali haipokei simu, Pihlaja ilipokea. Kwenye kibanda cha Orvokki na mumewe Taisto, mtandao ulipatikana mahali pamoja tu: ukipanda benchi la juu kabisa la sauna, chumba cha kuogea mvuke. Kwa hiyo kila Julai mwalimu wa makochi alionekana amejifunga taulo, jasho likimtiririka, simu sikioni, akimweleza mtu aliyeko mbali ni wapi pa kubonyeza.

Taisto alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa mpaka alipouza zizi lote. Hakulipenda jambo hili.

"Mimi nimeuza ng'ombe wangu wote ili tulale kama watu," alimwambia. "Wewe ukaenda kuchukua wa shule."

"Huyu angalau hanyi, Taisto."

"Hanyi? Sasa hicho unachozoa kila siku ni nini?"

Chuo hakikumwongezea mshahara. Kilimpunguzia vipindi, jambo ambalo kule huhesabiwa kuwa heshima. Kwanza kipindi kimoja cha makochi, halafu siku nzima, mwishowe siku tatu kwa wiki. Zilibaki siku mbili za karakana. Darasa la siku mbili haliwezi kupokea wanafunzi wengi, basi likawa linapokea wachache, halafu wachache zaidi. Katika ripoti ya kila mwaka, mbele ya neno Pihlaja, Honkavaara aliandika sifuri. Ilikuwa sifuri halali: mshahara wote wa Orvokki uliandikwa ukurasa mwingine, chini ya makochi.

Hesabu ya aina hiyo inaweza kuishi muda mrefu kama hakuna anayeitazama. Februari mwaka huu, 2024, bodi iliitazama.

Habari aliileta Sirkka-Liisa Pänkälä, mwalimu wa mapishi, mwanamke ambaye sauti yake inamtangulia ukumbini. Wawili hao walikuwa kwenye viti vyao vya plastiki, wakati wa kahawa.

"Dada, umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"Wanafunga makochi. Vuli hii. Eti ndiyo idara ya gharama kubwa kuliko zote. Kupita hata wachomeleaji, na wale wanateketeza gesi kama wamerithi kisima chake."

"Gharama ipi? Mimi natumia gunia na misumari."

"Gharama ni wewe, mama. Mwalimu mzima, wanafunzi wanne."

"Wanne kwa sababu nafundisha siku mbili. Siku tatu niko kwenye Pihlaja!"

"Pihlaja ni ya bure," alisema Sirkka-Liisa, akachovya andazi kwenye kahawa. "Kila mtu anajua."

Orvokki alikuwa na miaka hamsini na tisa. Alianza ufundi akiwa na kumi na saba, na mafundi makochi wengi wanaofanya kazi katika mkoa ule walipita mikononi mwake. Darasa likifungwa, hakuna lingine karibu, na yeye angemalizia miaka yake ya kazi kwenye stoo ya wafagizi, akilinda kompyuta mpaka pensheni. Aliacha kahawa nusu, kitu ambacho hakijawahi kuonekana chuoni, akaenda kwa Honkavaara.

"Risto, nirudishe karakana. Siku zote tano."

"Na Pihlaja?"

"Tafuta mtu."

"Mtu analipwa, Orvokki."

"Mimi silipwi?"

"Wewe upo tayari."

Honkavaara si mtu mbaya. Huendesha baiskeli kwenda kazini hata kwenye theluji, na humtembelea mama yake mzazi kila Jumapili. Siku ile alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena bila kuona vizuri zaidi.

"Nikimlipa mtu, haitakuwa bure tena," alisema. "Miaka kumi na mitano nawaambia bodi ni bure. Leo niwaambie nini?"

"Waambie ilikula fundi."

"Ulikuwa msaragambo. Tulijitolea wote."

"Wote nani?"

Honkavaara alilifikiria swali hilo kwa uaminifu kabisa.

"Mimi nilitoa wazo," alisema.

Jioni Orvokki alimkuta Taisto akipasua kuni.

"Msaragambo unaishaje?" alimuuliza.

"Si unajua. Mwenye shughuli anagawa supu, anashukuru, anasema kazi imekwisha. Watu wanakwenda zao."

"Na asipogawa supu, wala asiposhukuru, wala asiposema imekwisha?"

Taisto aliweka shoka chini.

"Hiyo ni ndoa," alisema.

Alhamisi, mikahawa yote ya shule nchini hupika supu ya njegere na chapati za maji zenye jamu. Hakuna aliyepanga iwe hivyo mwaka huu; ndivyo ilivyo tu. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa Sirkka-Liisa alipotangaza kwamba Alhamisi ya kwanza ya Machi walimu watanywa supu yao kwenye karakana ya makochi, kwa kuwa jikoni kuna ukaguzi wa mabomba. Ukaguzi haukuwepo. Sufuria liliwekwa juu ya meza ya kukatia vitambaa, kando ya kochi la springi zilizochomoza.

Honkavaara alifika kwa wakati. Huwa hachelewi supu.

"Risto, shika hapa kidogo nifunge aproni," alisema Sirkka-Liisa, akamtia upawa mkononi.

Kule, anayeshika upawa penye watu waliojitolea ndiye mwenye shughuli. Hili halifundishwi, mtoto hulijua kabla hajajua kuhesabu. Kufumba na kufumbua foleni ilikuwa imejipanga, na wa kwanza alikuwa Orvokki na bakuli lake. Honkavaara alimwekea supu. Orvokki hakusogea.

"Haradali iko wapi?" aliuliza mtu nyuma.

"Ngoja," alisema mwingine.

Kikatanda kile kimya cha siku zote, safari hii kimemwelekea mwenye upawa. Honkavaara alitazama upawa. Akatazama kochi. Usoni alionekana kama mtu aliyeingia ziwani na soksi.

"Hii si haki," alisema kwa sauti ndogo.

"Kitu gani si haki?" aliuliza Orvokki.

"Nimeshika upawa."

"Naona."

"Sema basi, Risto, njegere zinaganda!" alipaza Sirkka-Liisa.

"Haya. Ahsanteni," alisema Honkavaara. "Ahsante, Orvokki. Kwa Pihlaja. Kwa ile... kwa yote. Kazi imekwisha."

"Kazi gani? Huku nyuma hatusikii!"

"Msaragambo wa Pihlaja umekwisha!"

Walimu walikula. Orvokki aliinua kichwa mara mbili kutafuta chapati, na mara zote mbili akapewa chapati.

Ahadi iliyotolewa juu ya supu hairudishwi, lakini ilibidi itafutiwe fedha. Aprili, Honkavaara alikwenda mbele ya bodi, na palipokuwa na sifuri pakawa na tarakimu. Mjumbe mmoja, daktari wa meno aliyestaafu, aliisoma mara mbili.

"Hii programu bado ni ya bure?"

"Bado," alijibu Honkavaara.

"Kama ni ya bure, mbona inagharimu?"

"Kwa sababu tunaitumia."

Mshahara wa Orvokki ulipohamishiwa ukurasa ulikostahili kwa zile siku tatu, makochi yakageuka, kwa kalamu tu, kuwa idara ya gharama ndogo kuliko zote chuoni. Bodi ilikubali darasa liendelee miaka miwili kwa majaribio, kwa sharti moja: mwalimu awepo karakanani siku zote tano. Akirudi kwenye Pihlaja hata kwa kuazimwa, darasa linafungwa. Sharti hilo alilipendekeza daktari wa meno, aliyesema anawajua watu wasemao wataacha.

Hapa ndipo wanaompenda Orvokki hupunguza sauti. Pihlaja ilikabidhiwa Ilmari Suokas, mwalimu wa hesabu, mpole, aliyetolewa darasani siku moja kwa wiki. Alipaswa kufundishwa mpaka Mei. Orvokki alimfundisha kama mama mkwe anayetoa funguo za kabati: mmoja leo, mwingine tutaona. Katika miaka yote ile hakumwonyesha mtu chochote, na hakuna aliyeomba kuonyeshwa, kwa kuwa kuomba ni kusumbua, na kule afadhali jambo liharibike kuliko kumsumbua mtu. Lakini ukweli mwingine ni kwamba alizoea kuitwa. Simu ilipolia benchini kwenye sauna alilalamika, na aliifikia kabla haijalia mara ya pili.

"Orvokki, hapa umeandika 'usiguse'," alisema Suokas siku moja. "Kwa nini nisiguse?"

"Ukigusa inaharibika."

"Inaharibikaje?"

"Sijui. Sijawahi kugusa."

"Na hii faili inaitwa 'ya mwisho'. Halafu ipo 'ya mwisho kabisa'. Halafu hii, 'ya mwisho Taisto anapiga kelele'."

"Tumia hiyo ya Taisto."

Neno la siri ndilo alilolitoa mwisho kabisa, wiki ya kufunga chuo. Lilikuwa jina la ng'ombe wa mwisho wa Taisto, Mansikki, na mwaka aliouzwa. Suokas aliliandika bila kuuliza. Kiangazi hicho simu haikulia hata mara moja, na Taisto anasema mkewe alipanda benchi la juu la sauna kila siku kuhakikisha mtandao upo.

Jumatatu ya wiki hii chuo kilifunguliwa. Darasa la makochi lilikuwa na wanafunzi kumi na mmoja, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kochi la walimu. Walilipandisha juu ya farasi wa mbao, vile vitegemezi vya kuinulia kazi, wakalizunguka. Orvokki alijaza misumari midogo mdomoni, kama wafanyavyo mafundi wa shule ya zamani: ulimi unausukuma msumari mpaka midomoni, nyundo yenye sumaku inaupokea, mkono wa pili unavuta mkanda wa kushikilia springi. Fundi mwenye misumari mdomoni haongei. Ni kanuni ya kwanza ya usalama, na alikuwa ametoka kuieleza.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Honkavaara, shati limetoka nje ya suruali.

"Orvokki! Pihlaja haifunguki. Wanafunzi wapya wote, mia tatu na kitu, wako ukumbini na simu zao. Suokas ameweka toleo jipya jana, sasa inaleta ukurasa mweupe. Mweupe, Orvokki, hauna hata herufi!"

Orvokki aliujua ukurasa ule mweupe. Alishakutana nao mara nyingi. Aliujua kama mama anavyoijua homa ya mwanawe. Tiba yake ilikuwa mstari mmoja wa kufuta. Wanafunzi waliokuwa karibu naye wanasema nyundo ilisimama hewani.

"Dakika kumi tu," alisema Honkavaara. "Bodi haina haja ya kujua. Nani atawaambia?"

Ulimi ulisukuma msumari. Nyundo iliupokea. Tok.

"Nitasema umekwenda chooni."

Tok.

"Orvokki, unanisikia? Kama unakubali, usiseme kitu."

Alipokwisha kuyasema hayo aliyasikia mwenyewe, na masikio yakamwiva. Orvokki alimtazama, midomo imefumbwa, kichwa cha msumari kinang'aa katikati. Polepole kabisa, alitikisa kichwa kukataa. Kisha akavuta mkanda.

Honkavaara hakuondoka mara moja. Alisimama akiziangalia springi. Mwishowe alimwinamia msichana mmoja aliyeshika gunia.

"Anayo mingapi mdomoni?"

"Hatujui, mwalimu," alisema msichana. "Ikikaribia kwisha anajaza tena."

Honkavaara alifunga mlango taratibu, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

Mdomo wa Orvokki ulipokuwa mtupu aliweka nyundo mezani, akaiweka mikono chini ya makwapa, akasimama hivyo kidogo. Halafu akamwita msichana wa gunia.

"Mkanda unavutwa mpaka ulie," alisema. "Haujalia, bado. Njoo uvute wewe."

Fundi wa kampuni ya kompyuta atafika Jumatano kutoka mji wa Kuopio kuitengeneza Pihlaja, na ankara yake, na Suokas ataketi karibu naye kujifunza. Kochi litarudi chumba cha walimu mwezi Oktoba.